Gari ni la Atakayeliwasha

6 Februari

Baba, shikamoo.

Natumai mguu umepunguza kuuma na mama mdogo hajambo. Huku kwetu wazima. Mtoto ameota jino la kwanza na ananionyesha kwa kuning'ata. Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda: nikikupigia, mtaa mzima unasikia isipokuwa wewe. Nimemwomba mama mdogo akusomee taratibu, na asiruke mahali ninapokusema.

Nina habari. Nimeifungua injini ya Bibi.

Najua ulisema gari lisiguswe mpaka urudi. Lakini hujarudi tangu tumzike mama, na Bibi amekaa juu ya matofali hadi kuku wa jirani wametagia kwenye kiti cha nyuma. Juzi mgeni alinikuta nikisema "ngoja nimfunike Bibi, mvua inakuja," akaniuliza mgonjwa analala nje kwa nini.

Krenki (mama mdogo, ni ule mhimili unaozungushwa na pistoni) ilikuwa imegoma kabisa. Nilimwaga mafuta ya taa kwenye silinda zote, nikaziacha zinywe, kisha nikagonga pistoni kwa mpini wa jembe, polepole, mtoto akiwa mgongoni anadhani nambembeleza. Tatu zilitoka. Ya nne ilikuwa imeshikana na kutu kama ndugu wa tumbo moja. Nayo ikatoka. Bloki nimelipeleka kwa yule fundi wa kerezo wa nyuma ya soko, yule uliyekuwa unamwita Mzee Milimita. Amepima, akatikisa kichwa. Silinda zimelika, moja imekuwa ya umbo la yai. Anasema itabidi zichongwe upya, ziwekwe pistoni kubwa zaidi, na krenki isuguliwe. Hataki nimlipe chochote. Nitamwoshea vyuma na kumsagia valvu mchana mtoto akilala, naye atanifanyia ya kwangu.

Baba, kabla sijatumbukia nauliza jambo moja tu. Siku unaondoka ulisimama mlangoni mwa banda, ukatuangalia mimi na kaka, ukasema: "Gari ni la atakayeliwasha." Bado neno ni hilo? Kazi hii ni kubwa. Kama Bibi atakuwa wangu, nitabeba abiria wa hospitali na wa kituo cha basi, nitakaa na mwanangu kiti cha mbele, sitamwacha tena kwa watu. Ukisema ndiyo, naanza. Ukisema hapana, narudisha kifuniko, nawarudishia kuku nyumba yao.

Binti yako.

---

19 Februari

Mama, marahaba.

Mguu uko vilevile, unanikumbusha kila asubuhi kwamba bado ninao. Mama mdogo amenisomea barua yako mara mbili, mara ya pili kwa kucheka.

Unaniuliza kama neno langu bado lipo. Wewe binti wewe. Umewahi kuniona nikisema leo hiki, kesho kile? Gari ni la atakayeliwasha. Siku ile kaka yako alisikia akaangalia saa yake. Wewe ulisikia ukaangalia spana. Anza kazi.

Sasa sikiliza. Vifuniko vya beringi za krenki usivichanganye. Kila kimoja kina kiti chake, na kina mbele na nyuma. Ukikigeuza tu, krenki itakaba. Beringi mpya zipake oili kabla hujafunga. Bolti za kichwa cha injini anza katikati ukienda nje, kama unavyotandika shuka usitake mikunjo.

Na hiyo spana ya kipimo ya Milimita, ile inayosema "tik" bolti ikikazwa kiasi chake, mwachie mwenyewe. Mimi nimefunga injini tangu sijaota ndevu, kwa mkono huu. Bolti ikishakaa inakuambia yenyewe. Fundi anayengoja chuma kimwambie "tik" ni kama mpishi anayeonja kwa kijiko cha mwenzake.

Mbusu mjukuu, akikung'ata mwambie babu kasema ahsante.

Baba yako.

---

12 Machi

Baba, shikamoo, na shikamoo ya pili kwa mama mdogo anayesoma.

Sisi wazima isipokuwa mgongo wangu. Nimeshangaa kwamba kuna watu wanaamka asubuhi wakiwa wamepumzika. Baba wa mtoto bado yuko safarini na lori, alipiga simu akiwa mpakani, akaniuliza "unashinda unafanya nini nyumbani?" Nikamwambia nashinda nimekaa.

Krenki imerudi kutoka kerezoni inang'aa, ungejinyolea ndevu mbele yake. Mzee Milimita amenifundisha kupima nafasi ya oili. Kuna kijiuzi chepesi cha plastiki, laini kama nta. Unakilaza juu ya krenki, unafunga kifuniko kwa kipimo chake, unafungua, unaangalia kimebanwa kikawa kipana kiasi gani. Kikibanwa kupita kiasi, oili haitapata njia na chuma kitaungua. Kikibaki kinene, oili itakimbia na krenki itagonga kama mtu anayedai mlango. Beringi zote zilikuja sawa. Ya katikati ikakataa. Imebana. Nikafungua, nikafunga. Imebana. Nikifunga zote na kuzungusha krenki, haizunguki.

Nikasema hii ni kerezo, mzee kakosea. Nikaenda kwake na hasira zangu zote, mtoto mgongoni, nikamwambia mbele ya wateja. Alifunga banda lake, akaja nami nyumbani, akaitoa ile beringi, akaigeuza, akapitisha kucha mgongoni mwake. Pamba. Kipande kidogo kuliko unyoya wa kifaranga, kimekaa kati ya beringi na kiti chake.

Baba, nilikuwa nafutia vyuma nepi za mtoto. Ndizo nguo laini kuliko zote nilizonazo. Zile zilizochakaa zinatoa pamba.

Mzee akaniambia, "Mama, umeivisha krenki nepi." Halafu akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo.

Nikafuta kwa karatasi, nikapaka oili, nikafunga kwa kipimo. Kwa kipimo, baba, usikunje uso. Kisha nikaizungusha krenki kwa vidole viwili. Ilizunguka bila sauti, ikaenda, ikaenda. Nilikaa chini pale pale bandani. Mtoto alikuwa ndani ya tairi lake (nimemtandikia blanketi ndani ya tairi la lori, hawezi kutoka) akapiga makofi. Hajui alichopigia, lakini alipiga.

Binti yako.

---

24 Machi

Mama wa Nepi, marahaba.

Nimecheka hadi mama mdogo akaniletea maji. Nimemsimulia jirani, naye kamsimulia mkewe. Katika maisha yangu nimeona beringi imewekewa kipande cha bati, nimeona imewekewa karatasi ya sigara, lakini nepi ni mara ya kwanza.

Umefanya vizuri. Nasema mara moja, usitake nirudie. Umefanya kama fundi wa kiume.

Ila hilo la kipimo limenikera. Mkono wako bado mchanga, ndiyo maana unamkimbilia Milimita. Mkono unafundishwa, haukodishwi.

Endelea. Ukifika kwenye kichwa niandikie.

Baba yako.

---

17 Mei

Baba, shikamoo.

Nisamehe ukimya. Mtoto aliugua kifua. Tulilazwa. Kitanda kimoja kina watoto wawili, na mama zao wamekaa sakafuni chini ya kitanda kama viatu. Nilimshika mkono na kuhesabu anavyovuta pumzi mpaka namba zikaniishia, nikaanza upya. Sasa yuko nyumbani. Amekonda, shingo imekuwa ndefu, lakini amerudi kuning'ata. Nikajua amepona.

Kaka nilimpigia simu aje anishike mkono hata siku moja. Alisema ana wateja wa kuwaonyesha nyumba. Kazi yake ya udalali inahitaji muda, sawa.

Injini haikuningoja wala haikunilaumu. Niliporudi nilipima mapengo ya ringi. Unaitia ringi peke yake ndani ya silinda, unaisukuma kwa pistoni ikae sawa, unachomeka fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia, kwenye mdomo wake. Mbili zilikuwa zinakutana karibu sana. Zikipata moto zingefura, zikagusana na kukatika. Nikazipiga tupa kidogo, napima, napiga kidogo tena. Kazi ile ni kama kukata kucha za mtoto aliyelala.

Kichwa nimekifunga jana. Nakuambia ukweli nisije nikaonekana nakuficha. Bolti mbili za kwanza nilizifunga kwa mkono kama ulivyosema, nikafumba macho, nikasikiliza. Zikaniambia zimekaa. Halafu nikazipima. Moja ilikuwa imepita kiasi, ya pili ilikuwa mbali kabisa. Nikazilegeza, nikaanza upya kwa spana ya kipimo, kutoka katikati kwenda nje, mzunguko wa kwanza wepesi, wa pili mzito kidogo, wa mwisho "tik", "tik", kila moja. Mtoto sasa ameshika hiyo sauti. Akitaka kubebwa anasema "tik".

Bado tapeti, kabureta na rejeta. Nakaribia.

Binti yako.

---

27 Mei

Binti yangu,

Pole ya mtoto. Nami mguu unauma.

Hilo la kunipima mkono na spana ya mtu tuliache, nisije nikasema.

Nataka kujua gari linawaka lini. Niambie siku. Kaka yako yuko hapa, anawatembeza wateja juani kwa miguu mpaka wanaingia teksi na kumwacha barabarani. Ni jambo la kusikitisha kwa mtu wa umri wake na mashati yale.

Jibu upesi.

Baba yako.

---

4 Juni

Baba, shikamoo. Mama mdogo, shikamoo.

Umeniuliza siku, nakupa siku. Jumamosi ya wiki ijayo asubuhi. Betri nimeazimwa na Mzee Milimita, petroli ipo, tapeti nimezipima zote, plagi zimekaa.

Nitakavyofanya ni hivi. Nitamwasha, nimwache angurume mpaka apate joto lake, niangalie kama anavuja. Kisha nazima, nafunga boneti, analala mpaka Jumapili. Gasketi ya kichwa ikipata moto mara ya kwanza inakaa, na bolti zinabaki zimelegea kidogo. Kwa hiyo Jumapili, chuma kikiwa baridi kabisa, nazirudia zote kwa kipimo, kwa mpangilio uleule. Baada ya hapo wiki nzima mwendo wa pole, bila mzigo, bila mlima, ringi zizoeane na silinda.

Halafu, baba, nitawasha Bibi nije kwako. Mimi naendesha, mtoto kiti cha mbele. Nimemshonea kofia. Nataka usimame mlangoni utuone tunavyoingia. Usimwambie kaka, atasema najionyesha. Na kweli nitakuwa najionyesha.

Nikuletee nini kutoka huku?

Binti yako.

---

11 Juni. Kwa mkono wa kaka yako.

Binti yangu,

Barua hii anakuletea kaka yako mwenyewe. Mpe gari.

Usipandishe hasira, soma hadi mwisho. Nimekaa nikafikiri. Wewe una mume, una kwako. Gari likibaki kwako litakuwa la watu wengine. Kaka yako ndiye atakayebeba jina la nyumba hii, na mtu anayeuza nyumba hawezi kuja kwa miguu. Yale niliyosema mlangoni niliyasema siku za msiba, na mtu mwenye msiba husema mengi.

Kazi uliyoifanya Mungu ameiona. Mimi nimeiona pia. Mama yako angefurahi kuona mnaachiana.

Mpe na jeki.

Baba yako.

---

14 Juni

Baba, shikamoo.

Mguu je? Kuna mafuta niliyasikia yanasaidia, mama mdogo aulize dukani.

Nakusimulia ilivyokuwa, kwa sababu huyu uliyemtuma hatakusimulia.

Jumamosi asubuhi nilimwasha Bibi. Mara ya kwanza alikohoa. Mara ya pili akashika. Baba, hakugonga, hakutoa moshi, alinguruma kama mtu anayeimba huku ameziba mdomo. Mzee Milimita alivua kofia. Jirani wa kuku alikuja na wanawe wote. Nililia, mtoto akaona nalia naye akalia, tukawa tunalia wawili na Bibi anatusindikiza. Hiyo saa ilikuwa yangu. Nimeihifadhi.

Nilimzima apoe. Boneti bado ilikuwa inachoma mkono kaka alipoingia. Shati jeupe, viatu vyeupe. Akasimama mbali na ule mchanga wenye oili.

"Kumbe kweli linawaka!" akasema. "Mdogo wangu, wewe ni mwanaume."

Nikamwambia mimi ni mama wa mtoto, akae, kuna chai. Akanipa barua yako. Niliisoma nimesimama. Niliisoma tena. Kisha nikamwambia, "Sawa. Utalichukua. Lakini leo halitoki."

"Baba anangoja."

"Amengoja miaka, angoje mpaka kesho. Bolti za kichwa hazijarudiwa. Lilale, lipoe, nirudie, kesho uondoke nalo polepole."

"Wewe nawe! Gari si mzazi. Kwani limejifungua leo?"

"Ndiyo, limejifungua leo. Na wewe unataka kulipandisha mlima na mzigo kichwani."

Akacheka, akamgeukia Mzee Milimita apate mwenzake wa kucheka. Mzee akamwambia, "Msikilize dada yako." Kaka akajibu, "Mzee, haya ni mambo ya familia." Ndivyo alivyosema, kwa mtu aliyekalia ndoo akinifundisha kazi wakati yeye hakuja hata hospitali.

Ningeweza kuficha funguo. Nilikuwa nazo mfukoni na nilizishika mpaka zikaniacha alama. Lakini barua ni yako, baba, na sijawahi kukunyima kitu ulichoniomba. Mkononi sikumpa. Niliziweka juu ya boneti, akazichukua mwenyewe. Nilibandika plasta kwenye dashibodi, nikaandika kwa herufi kubwa: BOLTI HAZIJARUDIWA. Aliibandua kabla hajatoka getini. Niliiona ikianguka.

Sasa nisikilize, si kama binti, kama fundi. Najua limeshafika huko; usimruhusu aliwashe tena. Liache lipoe usiku kucha. Tafuta spana ya kipimo, azima, omba, usione haya. Rudia bolti kuanzia katikati, kipimo nimekiandika nyuma ya karatasi hii. Usizikaze likiwa la moto. Na usitumie bomba kurefusha spana.

Na ile barua yako ya Februari, baba, uliponiandikia nianze kazi, ulikuwa msiba wa nani?

Binti yako.

---

5 Julai

Mama, marahaba.

Natumai mjukuu hajambo na wewe hujambo. Mguu umetulia kidogo, yale mafuta yamefaa.

Kaka yako alifika jioni ile gari linatoa mvuke. Alikuwa amelipandisha mlima wote kwa mbio, anasema lilikuwa linavuta vizuri akasahau. Nikafungua boneti, nikaona maji yanachuruzika pembeni ya kichwa. Nikajua bolti zimelegea. Nikachukua spana ya jirani na bomba nikaanza kuzikaza palepale, kabla halijaharibika zaidi. Ya tatu ikakatika. Imekatikia ndani ya bloki. Oili sasa imekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Barua yako ilifika baadaye. Lakini hata ingefika kabla, mtoto niliyemfundisha kushika spana hanifundishi mimi kukaza bolti. Hizo bolti zako zilikuwa dhaifu. Za zamani zilikuwa chuma cha kweli.

Kaka yako amenuna, amerudi kwa miguu. Gari liko nje linanyeshewa na majirani wanapita wakiliangalia. Fundi wa hapa alikuja, akataka kuling'oa lote na nyundo, nikamfukuza. Hakuna mwingine anayeijua injini ile isipokuwa wewe.

Njoo ulifunge. Chukua basi, uje na vyombo vya Milimita. Mtoto mwache kwa jirani, asikusumbue. Ukiliwasha tena litakuwa lako, safari hii kweli. Nimeshamwambia kaka yako, amekubali. Mama mdogo ni shahidi.

Nakungoja wiki hii.

Baba yako.

---

23 Julai

Baba, shikamoo. Mama mdogo, shikamoo, na hii usiiruke hata mstari.

Nimefurahi mguu umetulia. Mtoto anasimama sasa, anashika ukingo wa tairi lake, anaachia, anaanguka, anatuangalia kama sisi ndio tuliomsukuma.

Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Wiki uliyoningojea nilikuwa nimeshakasirika, na sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira. Nilingoja nipoe.

Kwanza bolti. Usimruhusu mtu yeyote apige nyundo. Mtafute fundi wa kerezo wa huko. Atoboe katikati ya kipande kilichobaki, taratibu, kwa ncha nyembamba kwanza, kisha akitoe kwa kukizungusha kinyume. Baada ya hapo apitishe chombo cha kusafisha njia ya uzi wa bolti, apulize uchafu, aweke bolti mpya yenye oili. Oili yote imwagwe. Beringi azifungue aziangalie, maana maji yamepita mle. Gasketi mpya, na kichwa kipimwe kwa rula kama hakijapinda. Hayo yote nimeyaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya pili, umpe. Akikuuliza ni nani aliyeandika, mwambie ni aliyeifunga.

Pili, bolti zile hazikuwa dhaifu. Mzee Milimita alizipima moja moja mbele yangu. Baba, siku ile unaondoka ulisimama pale kituoni ukahangaika na kifungo cha koti mpaka mama wa watu akakufungia. Ulisema koti limebana. Na spana zako zote uliziacha huku, hata ile ndogo uliyokuwa unalala nayo mfukoni. Mimi si mtoto. Vidole vyako vimekufa ganzi, havisikii tena chuma kikikuambia. Mwambie mama mdogo akupeleke kwa daktari, usimwambie ni mguu. Mwambie ni mikono. Hilo nakuomba nimepiga magoti.

Tatu, kuhusu gari. Hapana.

Sitakuja kulifunga. Nimeandika neno hilo hapa na nikaangalia nje, nione kama moyo utanigeuka. Haukugeuka. Umesema safari hii kweli, na mimi nakuamini kwamba unaposema unamaanisha. Hata Februari ulimaanisha. Tatizo ni kwamba siku gari likiwaka utamwona kaka anatembea juani, utamhurumia, na neno lako litahama. Ukimhurumia yeye unachukua kwangu, kwa sababu unajua mimi nitafanya tena. Nami ningefanya tena, baba, maisha yangu yote, niwashe na nitoe, niwashe na nitoe, mwanangu akiwa kwa jirani. Umeniandikia nimwache asinisumbue. Huyu ndiye aliyenipigia makofi.

Kaka apewe gari, auze vyuma, alale ndani yake, sina neno. Simchukii. Asiniite mwanaume tena, ndilo ninaloomba.

Usidhani nimekaa naomboleza. Mzee Milimita amenipa meza kwenye banda lake, upande wa dirishani. Kazi ya kwanza ilikuwa injini ya pampu ya maji, ya pili lori dogo la maziwa. Watu wanaingia wanamuuliza, "Yule mama wa kipimo yupo?" Mtoto yupo chini ya meza, amepewa spana ya plastiki. Jioni narudi nyumbani nanuka oili, nampikia, tunalala. Mahali alipokaa Bibi kuku wamerudi. Sikuwafukuza.

Kuna usiku bado nasikia ile sauti, Bibi akinguruma huku ameziba mdomo. Nageuka ubavu mwingine.

Mwezi ujao mtoto akimaliza chanjo nitakuja kukuona. Nimeshauliza nauli na saa. Nitashuka kituoni kama mgeni mwingine yeyote, nitakuosha mguu, nitakufunga vifungo, nitakusomea magazeti kwa sauti mpaka majirani walalamike. Gari likiwa pale nje nitalipita. Nitakuja na mtoto na kofia yake. Spana siji nazo, na usiniwekee ovaroli.

Binti yako.